Harusi juu ya paa: ninavyoikagua nyumba ya kale ya Shela

Msimu wa kaskazi ukikaribia, simu ninazopokea huwa za namna moja. Mwenye nyumba ya mawe iliyo mbele ya bahari huko Shela, kisiwani Lamu, amepata wageni wa kukodi wiki nzima. Wanataka vyumba sita, mpishi, mashua ya kwenda kuangalia jua likizama, na usiku mmoja wa harusi juu ya paa, watu 100 hivi. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi yuko Nairobi au Ulaya, huniuliza: "Fundi, nyumba itahimili?"

Kazi yangu ni kukagua na kusimamia ukarabati wa majengo ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo swali hili nalijibu kila mwaka. Jibu langu huwashangaza wengi: nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya harusi, ila si harusi ya namna hiyo.

Nyumba kubwa za mawe za Lamu, nyingi za karne ya 18, zilifungamana na ndoa ya binti. Baba mwenye uwezo alimjengea mwanawe wa kike nyumba ubavuni mwa yake au alimwongezea ghorofa juu, na pale njia ilipowatenganisha alipitisha wikio, daraja la kuunganisha nyumba mbili, juu ya vichwa vya wapita njia, mama na binti wakatembeleana bila kutoka nje. Ukiingia, unaanza na daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, unapinda kwenye tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, ili macho ya barabarani yasifike ndani, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, kisha misana miwili, vyumba virefu vyembamba, inafuatana, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani. Kila unapozidi kuingia unapanda kidato. Huko mwisho ndiko kwenye ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa plasta ya chokaa, na mbele yake ndipo bibi harusi alipokalishwa akatazamwa na wanawake.

Sasa hesabu watu. Nikaha ilifungwa na wanaume, aghalabu msikitini. Wanawake walikuwa kiwandani na kwenye misana. Fungate ilikuwa siku saba. Wageni waliingia kwa zamu, wakala, wakaondoka, wakaja wengine, na wengi wao walikaa chini, juu ya mikeka. Hapakuwa na saa hata moja ambapo mji mzima ulisimama juu ya chumba kimoja. Harusi ya kileo inafanya hilo hasa: saa kumi na mbili jioni wote wanapanda juu kwa wakati mmoja, kwa sababu jua linazama na mpiga picha anataka watu wake.

Chini ya miguu yao kuna boriti. Hii ni mikoko iliyokatwa kwenye hori za Lamu, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vyote unavyoviona: mita 2.5 hadi 2.8 hivi, basi. Chumba kinaweza kurefuka utakavyo, lakini hakiwezi kupanuka. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Omani na Ghuba, ndiyo maana mtu wa huku akiingia nyumba ya zamani ya kule hujiona yuko kwao. Juu ya boriti hupangwa mabamba ya matumbawe, kisha hushindiliwa kokoto na chokaa, ikapondwapondwa siku nyingi mpaka sakafu ikawa ngumu na nyororo. Paa la unene wa sentimita 30 lina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba kabla hajapanda hata paka.

Chukua paa la chumba cha mita 2.8 kwa 10. Ni mita 28 za mraba. Wapandishe watu 100 wa kilo 70 kila mmoja: tani 7, yaani kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Wahandisi wanapopiga hesabu ya sakafu ya kawaida ya nyumbani huweka kilo 150 hadi 200 hivi, na mahali pa kucheza ngoma huweka kama 500, kwa sababu watu wanaoruka kwa pamoja hawana uzito uleule wa watu waliokaa. Boriti nzima, kavu, iliyokaa vizuri ukutani, hubeba zaidi ya unavyofikiri. Shida ni kwamba kwa kuitazama kutoka chini huwezi kujua kama ni nzima.

Boriti huoza kwanza kwenye ncha, pale ilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Katikati inang'aa, imepakwa mafuta, mgeni anaipiga picha. Sentimita 15 ndani ya ukuta imekuwa unga. Kwa hiyo nachukua bisibisi nyembamba na kuichomeka pale boriti inapokutana na jiwe, moja baada ya nyingine, chumba kizima. Kwenye mti mzima ncha ya bisibisi hugota. Ikizama hadi mpini, naweka alama ya chaki. Zikiwa boriti mbili zenye alama, zilizo mbali mbali, tunazungumza. Zikiwa tatu zinazofuatana, hakuna mtu anayepanda juu ya chumba hicho mpaka zibadilishwe. Kisha navuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, namwambia kijana mmoja atembee juu taratibu, halafu wawili, halafu wanne, na mimi chini naangalia umbali kati ya uzi na mti. Ni kipimo cha kizee, lakini uzi haudanganyi.

Adui mkubwa wa ncha hizo si umri. Ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na kutoka upepo wa bahari, na plasta ya chokaa huuacha unyevu huo utoke. Mtu akija na plasta ya saruji "ili isibanduke tena", amefunga mlango. Maji yanabaki ndani, yanatafuta pa kutokea, yanaikuta ncha ya boriti. Chumvi nayo inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ukigonga kwa mpini wa nyundo unasikia sauti ya dafu tupu. Juu ya paa mambo ni mabaya zaidi: kila ufa ukionekana, fundi wa haraka anamwaga sentimita 5 za saruji juu ya sakafu ya zamani, na kila tabaka la namna hiyo ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba. Nimekuta mapaa yenye matabaka matatu. Nafasi ya uzito wa harusi ilikuwa imeshaliwa na saruji kabla ya kadi kuchapishwa.

Hapa niseme jambo ambalo madalali hawalipendi. Sehemu kubwa ya majumba yanayotangazwa Shela kuwa ya kale yalikuwa magofu yaliyojengwa upya, au ni mapya kabisa yaliyofuata sura ya kale. Wageni wenye fedha walianza kuvutwa na ufuo huu miongo mingi iliyopita (hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967), na tangu hapo ujenzi haukulala. Kuijua ni rahisi: pima upana wa sebule. Ukipata mita 4 bila nguzo katikati, ujue nyuma ya zile boriti za pambo kuna zege na nondo. Sioni aibu katika hilo, na kwa harusi ya watu wengi mara nyingi ndiyo nyumba ninayoipendekeza, mradi nondo hazijaanza kula kutu. Nondo ikipata chumvi huvimba na kupasua zege, na ukiona mstari wa rangi ya kahawia kwenye dari, usisubiri mstari wa pili.

Nyumba ikiwa ya kale kweli, mimi hurudisha harusi ilikokuwa. Chakula kiwe kiwandani. Ngoma na muziki viwe chini, kwenye ardhi, ambako mtu aruke atakavyo. Juu wapande watu 30 au 40, wakae kwenye makochi na mikeka kando ya kuta, maana karibu na ukuta ndipo paa lina nguvu. Mbele ya zidaka usipigilie hata msumari mmoja, na mishumaa ikae mbali. Moshi ukishaingia kwenye nakshi hautoki kwa kitambaa. Kipaza sauti kizimwe mapema pia. Shela ni kijiji cha Waislamu, misikiti iko hatua chache, na jirani aliyevumilia harusi tano anaweza kuchoka ya sita.

Wengine wanasema, basi tushuke ufuoni. Sawa, lakini ulizeni maji. Maharusi wengi wa kigeni huchagua usiku wa mwezi mpevu, nao ndio usiku wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku za bamvua maji hujaa kwetu kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo saa ya kiapo bahari ingali imepanda, na viti vilivyopangwa asubuhi kwenye mchanga mkavu vitaelea. Sogeza siku sita au saba, maji yawe mafu, na utapata ufuo mpana. Mwezi utakuwa nusu. Mabaharia watakuambia hivyo bure.

Kuna mengine madogo ya kukagua: jenereta isiwekwe juu ya paa, makuti na fataki havikai pamoja, na vyoo vya nyumba iliyozoea watu 12 havitaki watu 100 usiku mmoja, hivyo kodi vya ziada. Maji ya kisima nayo yana mpaka. Maji matamu ya Shela ni ya mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga, yanakaa juu ya maji ya chumvi, na pampu ikivuta kwa pupa kujaza bwawa la kuogelea, kisima kinaanza kutoa chumvi, chako na cha jirani.

Mwisho ni ratiba. Kama harusi ni ya Disemba, usinipigie Novemba. Kung'oa saruji, kubadilisha boriti na kushindilia chokaa upya kunahitaji wiki kadhaa, na baada ya hapo chokaa lazima ikauke taratibu, ikifunikwa magunia yenye unyevu, bila kuchomwa na jua. Mvua za masika zinapoisha, Juni au Julai, ndipo mafundi wanapatikana na punda wa kubeba mawe ya Maweni, kisiwani Manda, kutoka gatini hawajapandishwa bei. Ukaguzi wenyewe ni wa siku mbili. Siku ya kwanza naomba nyumba iwe tupu, mazulia yamekunjwa na vitanda vimesogezwa kutoka ukutani.