Yale majani mekundu ya Septemba hayafi, yamezaliwa juzi

Mwaka juzi mwishoni mwa Septemba nilikuwa kwenye basi la Tabora kwenda Mpanda, Sikonge tumeshaipita, pori huku na huku. Pembeni yangu kuna mama mmoja wa Tanga anaenda kumwona mjukuu wake Inyonga, ndo mara yake ya kwanza kufika huku. Akachungulia dirishani wee, alafu akaniuliza, mwanangu, hii miti imepatwa na nini, mbona yote inakufa? Nikamwambia haifi mama, hayo majani mekundu unayoyaona yametoka wiki hii hii. Hakukubali. Kwake ana mti wa mkungu uani, ule wa kungu, na jani la mkungu likishakuwa jekundu ujue kesho kutwa unalifagia.

Kwa mkungu yuko sahihi kabisa, na swali lake limenikaa kichwani mpaka leo. Mi kazi yangu ni misitu. Inaniuma kuona mtoto wa Urambo anasoma habari za majani kubadilika rangi kwa mfano wa baridi ya Ulaya na Canada, wakati nyuma ya shule yake pori zima linabadilika rangi kila mwaka na hakuna wa kumwonyesha.

Tuanze na kijani. Ndani ya jani kuna umbijani, wengine mnauita klorofili, kazi yake ni kunasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Mwanga wa jua ni rangi nyingi zimechanganyika, si unaziona kwenye upinde wa mvua, sasa umbijani unanasa sana nyekundu na bluu, kijani unainasa kidogo kidogo kwa hiyo sehemu yake inaturudia machoni. Ila wengi tulifundishwa kwamba jani halitumii kabisa mwanga wa kijani na hiyo si kweli, sehemu kubwa ya huo mwanga inazama ndani ya jani na inafanya kazi huko chini, kinachorudi ni kidogo tu, ila kinazidi zile rangi nyingine, ndo hicho jicho linaona.

Pamoja na umbijani kuna karotenoidi, za njano na chungwa, ukoo mmoja na rangi ya karoti na papai bivu. Hizo zipo siku zote, zimefunikwa tu. Ponda mchicha wa kijani, loweka kwenye spiriti kidogo (mbali na moto tafadhali, spiriti inawaka haraka sana), simamisha chaki nyeupe humo uiache, utaona rangi zinapanda na njano inajitenga na kijani.

Nyekundu sasa ni kitu kingine. Inaitwa anthosianini, ndo rangi ya juisi ya rozela, na haikuwa imejificha popote, jani linaitengeneza upya pale lina sababu. Msichanganye na wekundu wa mchicha mwekundu, ule ni betalaini, kemia yake tofauti kabisa.

Turudi kwa mkungu. Mti unapotaka kumwaga majani hautupi mali yake. Jani lina protini nyingi na protini zina naitrojeni, na zile zilizoshika umbijani haziwezi kuvunjwa hivi hivi, kwa sababu umbijani ukibaki huru juani unaharibu seli. Kwa hiyo mti unaubomoa umbijani kwanza, kijani kinaondoka njano inajitokeza, huku naitrojeni na fosforasi zinavutwa kurudi kwenye matawi, miti mingi inaokoa karibu nusu au zaidi. Kipindi hicho jani limedhoofika ila jua linalipiga vilevile, ndipo wekundu unatengenezwa. Kuna wanaosema wekundu ni wa kuwafukuza wadudu na mjadala haujaisha, ila mi naona hoja yenye nguvu zaidi ni ya mwavuli, unapunguza makali ya jua mpaka mali imalize kuhama. Mwishoni seli za kwenye kikonyo zinaachana, ikichochewa na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi ukizifukia shimoni.

Huko Vermont ya Marekani na Ontario ya Canada mambo ni hayohayo, ila kinachoushtua mti ni mchana kufupika na baridi kuingia. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kumwaga majani ni habari ya maji zaidi.

Na miombo, hii miti ya pori tulilokuwa tunapita, ndo inanifurahisha kuliko yote! Mtundu, mtondoro, myenze, mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano inakaa, inapoteza majani ya zamani kiangazi kinavyozidi, alafu Septemba hivi, jua kali, ardhi ngumu kama tofali, mvua bado mwezi mzima au zaidi, inatoa majani mapya. Mekundu, ya rangi ya shaba, mengine zambarau. Maji inayatoa chini kwa mizizi mirefu na kwenye akiba ya shina, chakula ni wanga iliouweka tangu masika. Haisubiri mvua kwa sababu mvua ya kwanza ikidondoka inataka jani liwe tayari kazini. Ila jani la siku tano ni laini, umbijani wake haujajaa, na lile jua la Septemba lingelichoma, kwa hiyo linavalishwa mwavuli uleule, na baada ya wiki chache wekundu unapungua, umbijani unajaa, pori linakuwa kijani. Mkungu unafungua mwavuli jani likiwa linaondoka, mtondoro unafungua jani likiwa linaingia.

Mama alikaa kimya, alafu akasema, basi kama mwembe, majani machanga ya mwembe si mekundu pia? Ndo hivyo hivyo mama. Mfano mzuri kuliko wowote niliokuwa nao.

Mbele kidogo kabla ya kuvuka mto Koga tukapita mahali majani yamekauka rangi ya kahawia, vigogo vyeusi mpaka juu. Na hapa je, mwanangu? Hapa ni moto, mama. Moto wa mwezi wa tano au wa sita nyasi zikiwa bado na unyevu hauna nguvu sana, lakini huu wa Septemba unakuta nyasi kavu kabisa na majani ndo yametoka, unayababua yote, na mti inabidi utoe mengine kwa akiba ileile iliyokwisha kutumika nusu.

Akaniuliza nani kachoma. Sikuwa na jibu la kumpa.