Spektroskopia ya Raman: kusoma mkazo ndani ya uzi kwa mwanga

Mpiga udi akikaza uzi, sauti hupanda. Aliyewahi kukaa karibu na wana taarabu wakiweka vyombo vyao sawa analijua hilo. Vifungo vinavyoshikanisha atomu ndani ya uzi wa kaboni au wa Kevlar (plastiki imara inayofumiwa fulana za kuzuia risasi) hufanya kinyume chake: ukiuvuta uzi, mitetemo ya vifungo hivyo hushuka. Hushuka kidogo mno, lakini kushuka huko kunatosha kumweleza mtu uzi umebeba mkazo kiasi gani, tena bila kuugusa.

Njia hii ya kuchambua rangi za mwanga, yaani spektroskopia, imepewa jina la C. V. Raman, mwanafizikia wa India. Mwaka 1928, mjini Calcutta, yeye na K. S. Krishnan waligundua kwamba mwanga ukikimulika kitu, karibu wote hutawanyika na rangi ileile uliyokuja nayo, ila chembe chache sana za mwanga, takriban moja katika milioni kumi, hutoka na rangi iliyobadilika kidogo. Rangi hubadilika kwa sababu chembe hizo zimepungukiwa nishati, na nishati iliyopungua imebaki ndani ya kitu, ikitetemesha molekuli zake. Mwaka 1930 Raman akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kuwa kila aina ya kifungo ina mtetemo wake, ukiuchambua mwanga huo unapata mchoro wenye vilele, kila kimoja mahali pake. Mahali hapo hutajwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Nyuzi za kaboni zina kilele karibu na 1580, Kevlar karibu na 1610, na selulosi ya mimea karibu na 1095.

Sasa, mbona kilele kishuke uzi ukivutwa? Uzi wa udi hurudi mahali pake kwa sababu umekazwa. Ukikazwa zaidi, hurudi upesi zaidi. Kifungo cha atomu ni springi, na springi hiyo ina kasoro: kadiri atomu zinavyotenganishwa, ndivyo inavyolegea. Springi iliyolegea hutetema polepole. Ukiugandamiza uzi badala ya kuuvuta, kilele hupanda.

Kipimo chenyewe huanza na uzi mmoja, ambao kwa Kevlar una unene wa maikromita 12 hivi. Ncha zake hugandishwa kwa gundi, unavutwa kidogo kidogo, na kila hatua leza inaumulika kupitia hadubini. Uzi wa aina inayoitwa Kevlar 49 ukirefuka kwa asilimia 1, kilele cha 1610 hushuka kwa takriban 4. Chora kushuka huko dhidi ya urefu ulioongezeka, utapata mstari ulionyooka, nao ndio rula yako ya baadaye.

Mwinamo wa mstari huo unasema jambo la pili: ukakamavu, yaani uzi unavyokataa kurefuka. Katika uzi mkakamavu molekuli zimelala sambamba, hivyo mvuto unafika moja kwa moja kwenye vifungo na kilele hushuka haraka. Katika uzi laini, sehemu ya mvuto huishia kunyoosha molekuli zilizolala upande. Lakini ukichora dhidi ya mkazo badala ya urefu, nyuzi za jamii moja hukaribia kufuata mstari mmoja. Ndiyo maana watafiti hukadiria kwa njia hii ukakamavu wa vitu visivyoshikika kwa kibano chochote, kama vijirija vya kaboni na vinyuzi vidogo mno vya selulosi.

Kwangu mimi, uzuri wake hasa unaonekana uzi ukiwa umezama ndani ya resini (plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) inayopitisha mwanga. Leza inasogezwa hatua kwa hatua, maikromita chache kila mara, na mkazo unasomwa kila pahali. Kwenye ncha za uzi haupo. Unapanda hadi kutulia katikati, kama H. L. Cox alivyokokotoa kwa hesabu mwaka 1952. Ukipanda ghafla, resini imeushika uzi barabara. Ukipanda polepole, mshiko ni dhaifu. Ukiporomoka katikati, hapo uzi umekatika. Hata kabla ya kuvuta chochote, kilele kinaweza kukutwa kimepanda, kwa sababu resini ilisinyaa ilipopoa ikaubana uzi.

Si kila uzi unakubali. Nyuzi za kioo, ambazo zimejaa kwenye maboti na matangi, atomu zake hazina mpangilio, kwa hiyo vilele vyake ni vipana na dhaifu. Katani, ambayo ni selulosi kwa sehemu kubwa, hung'aa yenyewe ikimulikwa, na mng'ao huo huufunika ujumbe wa Raman. Leza inayokaribia infraredi, mwanga usioonekana ulio nje kidogo ya mwekundu, husaidia kuupunguza. Nyuzi za kaboni nazo ni nyeusi, hufyonza mwanga na kupata moto, na joto pekee hushusha kilele kana kwamba uzi umevutwa. Leza hupunguzwa hadi miliwati chache, kisha kilele hupimwa tena uzi ukiwa haujavutwa kabisa.