Mwembe uliokata na pevingi uliyoweka: joto la mjini linatoka wapi?

Kila ikifika mwezi wa pili, kaskazi imekolea na watu wanalala madirisha wazi, sisi wa hali ya hewa tunaulizwa swali lile lile: mmesema leo nyuzi 32, mbona huku Manzese, Dar, tunaungua? Hatuwadanganyi jamani. Kipimajoto chetu kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani, kimo cha kifua cha mtu mzima, kwahiyo kinapima hewa ya kivulini. Wewe uko kituoni unasubiri daladala juu ya lami, na lami ikipigwa jua la saa nane siku hiyo hiyo ya nyuzi 32 inaweza kuvuka nyuzi 60. Hilo ni joto la uso wa ardhi, lenyewe linapimwa na setilaiti toka juu, na ndilo tunalolipandisha kwa mikono yetu.

Angalia uwanja wa nyumba ya kawaida tu, Tabata au Kimara. Zamani palikuwa na mwembe, migomba miwili mitatu nyuma ya choo, mchanga, kuku wanachakura. Leo mwembe umekatwa eti majani yanachafua, pevingi imetandikwa toka getini mpaka mlango wa jikoni, ukuta wa tofali umezunguka pande zote na juu bati la msauzi rangi ya damu ya mzee. Panapendeza, sikatai, hata mimi kwangu niliweka nusu uwanja.

Sasa kilichoondoka hapo sio kivuli peke yake, ni maji. Mti unanyonya maji chini unayatoa majanini kama mvuke, na kila lita 1 inayogeuka mvuke inaondoka na joto sawa na hita ya kuchemshia maji ya wati 1000 ukiiwasha dakika 40. Mwembe mkubwa unatoa makumi ya lita kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Ukishaukata, jua linabaki lile lile ila joto lake halina tena maji ya kuondoka nayo, linazama kwenye pevingi na ukutani, linakaa humo mpaka usiku. Jaribu leo saa tatu usiku, vua ndala ukanyage pevingi, halafu nenda kakanyage mchanga chini ya mti wa jirani, ukirudi weka kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi. Huo ukuta ndio unaokunyima usingizi, feni inazungusha tu hewa ambayo ukuta unaipasha.

Watu wengi wanalaumu bati. Mchana ni kweli, nyumba isiyo na dari ni oveni, lakini bati ni jembamba, jua likizama linapoa haraka na alfajiri unakuta limelowa umande. Fukuto la saa tano usiku ni la zege, tofali na lami. Tena bati jipya linalong'aa linatudanganya hata sisi, maana halitoi mionzi ya joto vizuri, kwahiyo kwenye picha ya setilaiti mtaa unaonekana umepoa wakati waliomo ndani wanavuja jasho, inabidi turekebishe hesabu. Na Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha hizo, zinapita Dar saa nne na nusu asubuhi hivi, kabla jua halijafika kilele, kila moja baada ya siku 16, siku ikikuta mawingu ndio basi tena.

Kariakoo ni habari nyingine. Maghorofa yamebanana, joto linadunda ukuta huu kwenda ule badala ya kupanda angani, upepo wa bahari unagonga majengo unapotea, halafu kila duka lina AC. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto la ndani kulitupa nje na juu yake inaongeza la umeme inaotumia. Anayelipokea ni machinga aliyekaa uchochoroni chini ya ile mashine. Foleni ya magari nayo ivyo ivyo, mafuta mengi yanaishia kuwa joto tu, gari likiwa limesimama.

Na watu tunaongezeka, sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo milioni moja ya ziada inataka paa, barabara na maegesho, hakuna wa kuwazuia. Ila sio lazima kila futi ya uwanja ifunikwe. Weka pevingi pale tairi zinapopita, kwingine acha udongo na nyasi, hata mvua ikija ipate pa kuzama badala ya kukimbilia kwa jirani wa bondeni. Kama una nafasi ya mti mmoja tu, uupande magharibi ya nyumba, usiusogeze sana kwenye msingi. Na ukifika kwenye rangi ya bati, fundi atakuvutia damu ya mzee au kijani kibichi, wewe mwambie nyeupe, halafu liwe linaoshwa, maana likishashika vumbi la kiangazi linarudi kunyonya jua kama zamani.