Yesu Kwetu ni Rafiki: wimbo huu ulitoka wapi?

Katika Tenzi za Rohoni zimo nyimbo chache ambazo hata asiyekanyaga kanisani anazijua, na "Yesu kwetu ni rafiki" ni mmojawapo. Maneno yake yalitungwa kwa Kiingereza na Joseph Scriven, Mwairishi aliyezaliwa Banbridge mwaka 1819, akasoma Trinity College, Dublin, kisha akahamia Kanada angali kijana.

Wahubiri hupenda kusimulia kwamba Scriven aliuandika mchumba wake alipokufa maji, mkesha wa harusi yao. Msiba huo ulimpata kweli, lakini ulimpata kwao Ireland miaka ya 1840. Utungo kwa kawaida hutajwa kuwa wa 1855, naye yuko Kanada, akimwandikia mama yake aliyebaki Ireland na aliyekuwa katika taabu. Mchumba wa pili, Eliza Roche, aliugua akafariki mwaka 1860. Naye basi hawezi kuwa chanzo. Ukizisoma beti zenyewe utaona hazimlilii marehemu yeyote. Zinataja majaribu, mizigo, marafiki wanaokudharau na kukuacha, na kila mara shauri ni lile lile: mpelekee Bwana kwa maombi. Kichwa cha kwanza cha shairi kilikuwa agizo la Paulo kwa Wathesalonike, kuomba bila kukoma. Kwangu mimi kisa hiki, cha mwana kumtia moyo mama aliye mbali, kinatosha bila kuongezwa chumvi.

Scriven hakutafuta sifa. Huko Port Hope, Ontario, alijulikana kwa kuwapasulia kuni wajane na maskini bila malipo. Shairi lake lilichapishwa bila jina, na kwa muda watu walidhani ni la Horatius Bonar, mtunzi wa Uskoti. Inasimuliwa kuwa jirani aliyemuuguza aliikuta karatasi yenye maneno hayo, akamuuliza kama ni yeye aliyeyatunga. Akajibu kwamba walisaidiana, yeye na Bwana. Alifariki mwaka 1886.

Tuni ni ya mtu mwingine kabisa: Charles Converse, mwanasheria wa Marekani, aliyeitunga mwaka 1868. Ira Sankey, mwimbaji wa mikutano ya mhubiri Mmarekani Dwight Moody, akauingiza wimbo katika kitabu chake cha 1875, na hapo ndipo ulipoanza kuzunguka dunia.

Aliyeutia katika Kiswahili alilinda mizani: "Yesu kwetu ni rafiki" ni silabi 8, "hwambiwa haja pia" ni 7, sawasawa na Kiingereza chake. Ndiyo maana unaingia katika tuni ya Converse bila kulazimishwa. Na kwa kuwa mizani hiyo ya 8 na 7 ni ya nyimbo nyingi, Uingereza wako wanaoimba maneno ya Scriven kwa Blaenwern, tuni ya Wales, na Converse hasikiki kabisa.