Wastaafu jikoni: mpe mzee kazi inayoufaa mwili wake

Kwa taaluma mimi ni afisa wa afya, na kazi yangu ni kukagua usalama wa chakula. Jumamosi huenda kusaidia kwenye jiko moja la hisani hapa Mombasa, tunakopika wali na maharagwe kwa wasukuma mikokoteni, watoto wa mitaani na yeyote aliyelala njaa. Wengi wanaojitolea pale ni wastaafu, na aghalabu huja wawili wawili, mume na mke.

Kosa letu la mwanzo lilitokana na heshima. Mama akishaamkiwa shikamoo, huwekewa kiti pembeni akaambiwa apumzike, ilhali amekuja kufanya kazi. Mzee naye akishika sufuria, hakuna kijana wa kumwambia aiache. Sufuria ya lita 40 ikijaa maharagwe inapita kilo 40, na ina moto. Mmoja wa wazee wetu aliinyanyua, akaumia mgongo wiki tatu. Tangu siku ile sufuria kubwa hazihami: wali hupakuliwa palepale mekoni, na vijana ndio wabebao sahani.

Kazi ninayopenda kuwapa wazee ni kuchambua maharagwe na mchele. Wana subira, na hawaharakishi kwenda popote. Lakini jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kiasi cha thuluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Ukimkalisha kwenye kona yenye kiza, kijiwe kitampita, na baadaye kitamvunja mtu jino. Meza ya kuchambulia tumeisogeza dirishani.

Pua na ulimi navyo hufifia. Hili huwa zito kulisema mbele ya mama aliyepikia maarusi miaka thelathini, lakini lazima lisemwe. Ukizeeka, chumvi ya jana huiona haitoshi, ukaongeza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku nzima, na miongoni mwa tunaowalisha wapo wenye shinikizo la damu. Kwa hiyo chumvi tunaipima kwa kijiko, hatuionji. Vilevile harufu haitoshi kuamua kama maharagwe ya nazi yameharibika, hata kwa pua ya kijana, maana vijidudu vingi vinavyoleta ugonjwa havina harufu.

Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili. Tunayaloweka usiku kucha, tunamwaga maji yale, kisha yanachemka kwa moto mkali dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Kuyaivisha kwa moto wa polepole tangu mwanzo hakuiui sumu hiyo. Yakibaki, hatuyaachi sufuriani hadi magharibi. Baadhi ya vijidudu hujificha katika mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa, na katikati ya sufuria kubwa joto hukaa saa nyingi, ndipo vinapozaliana. Tunayagawa kwenye sinia pana yapoe haraka, kisha yanaingia kwenye friji.

Sasa, kwa nini nawapenda wanapokuja wawili? Kwa sababu ya kunawa mikono. Mimi mwenyewe, pamoja na cheo changu, huona haya kumwambia mzee wa miaka sabini kwamba ametoka msalani hakutumia sabuni. Mkewe haoni haya. "Baba, rudi ukanawe," na mzee anarudi, kimya. Mume naye humkumbusha mkewe anywe maji, kwa kuwa uzeeni kiu huchelewa kumjia mtu na joto la mekoni halimsubiri. Ndiyo maana siwatenganishi mbali: kila mmoja awe na kazi yake, lakini waonane.

Katika kuheshimu kila kazi Makalasinga wametutangulia. Gurdwara (nyumba ya ibada) yao ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi, ilijengwa mwaka 1926 na hulisha wasafiri bure. Kwao kutumika ni ibada: kukanda unga, kuosha vyombo, hata kutunza viatu vya wageni. Pale anayetunza viatu hahesabiwi kuwa amepewa kazi ya chini.

Kwetu, mzee aliyeumia mgongo alikuwa karani bandarini. Sasa anaandika daftari la stoo, gunia lipi liliingia lini, na la zamani ndilo linalotoka kwanza. Mkewe yuko meza ya pili, dirishani, na ungo wake.