Jasho la Kichwani na Usoni: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Jasho la kwapani hubaki chini ya nguo, la miguuni ndani ya viatu, na la viganjani mtu huwahi kulifuta kabla ya kusalimiana. La kichwani na usoni halina pa kujificha. Linatoka utosini, linapita kwenye nyusi, linaingia machoni na kuwasha, na kila aliye mbele yako analiona. Ndiyo maana maneno ya kubahatisha kulihusu ni mengi, na anayeumizwa nayo ni yule yule anayelowa.

Neno linaloongoza ni hili: "Huyo ana woga, akijiamini litakoma."

Si kweli, na ndilo linalowachelewesha watu wengi kutafuta msaada. Jasho huamriwa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, inayosimamia joto la mwili. Amri hupita kwenye mishipa ya fahamu ambayo mtu haiendeshi kwa hiari yake, na mwishoni mishipa hiyo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini inayoziamsha tezi za jasho. Mwenye jasho lililopita kiasi, hali ambayo madaktari huiita haipahidrosisi, kwa kawaida hana tezi nyingi wala kubwa kuliko za wengine. Kilichozidi ni amri. Mara nyingi hali hii hupatikana ndani ya ukoo mmoja na huanza kabla ya umri wa miaka 25, ingawa ile ya usoni huweza kuchelewa zaidi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikadiria kuwa asilimia 2.8 ya watu wa huko wana aina fulani ya jasho la kupindukia. Karibu watu 3 katika kila 100 si wachache, na hawawezi kuwa wote waoga.

Wasiwasi una nafasi yake, lakini watu huugeuza kichwa chini miguu juu. Mtu ametulia, jasho linaanza lenyewe, anaona macho yamemwelekea, ndipo moyo unapoanza kwenda mbio na jasho linaongezeka. Kumwambia "tulia basi" wakati huo ni kumwongezea mzigo. Ukimpenda, endelea na mazungumzo kama kawaida.

"Ni uchafu." "Ni sumu inatoka." Jasho la usoni ni maji na chumvi kidogo, na likitoka halina harufu ya kusema. Harufu kali huzaliwa hasa kwapani na sehemu za siri, ambako bakteria huvunjavunja jasho la aina nyingine lenye mafuta. Sumu nazo hushughulikiwa na ini na figo. Kuusugua uso kwa sabuni kali mara nyingi kwa siku hakupunguzi tone hata moja; kunachubua ngozi tu. Lifute kwa kugandamiza kitambaa laini kinachonyonya, bila kusugua.

"Punguza kunywa maji." Usithubutu. Mwili utaendelea kutoa jasho, nawe utaishiwa maji. Wanaopaswa kunywa kwa bidii zaidi ni hawa hawa wanaolowa.

"Nyoa kipara, yataisha." Kunyoa hakugusi tezi. Kinachobadilika ni kwamba jasho hukauka upesi, na kwa wengine hiyo pekee ni nafuu ya kutosha. Vivyo hivyo, kuacha kofia nzito, pilipili na vinywaji vya moto kabla ya shughuli muhimu husaidia. Pilipili huamsha vipokezi vile vile vinavyoupasha ubongo habari za joto, nao hujibu kama vile mtu amesimama juani.

Sasa dhana ninayotamani sana ife: "Hakuna dawa, zoea tu."

Zipo, tena za ngazi mbalimbali. Ya kuanzia ni ya kupaka yenye kloridi ya alumini, ambayo hutengeneza vizibo vidogo kwenye vitundu vya jasho. Wengi huipaka asubuhi wakiwa tayari wanatoa jasho, inawachoma, kisha wanasema haifai. Hupakwa usiku, jasho likiwa limetulia na ngozi ikiwa kavu kabisa, kwa sababu ikikutana na unyevu hutoa asidi inayowasha. Ijaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya kando ya paji. Kisha ipake kiasi chembamba kwenye paji na mstari wa nywele, mbali na macho, si juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa, na uioshe asubuhi. Nafuu ikipatikana, mara moja au mbili kwa wiki hutosha. Hofu kwamba kuziba paji kutalirudisha joto ndani haina msingi: mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na paji ni eneo dogo sana. Uhusiano wake na saratani haujathibitishwa, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Vipo vidonge kama oksibutinini na glikopironiamu, vinavyozuia ile asetilikolini. Hufanya kazi, lakini hukausha kinywa, huleta choo kigumu na wakati mwingine ukungu machoni. Mwenye presha ya macho au anayekojoa kwa shida lazima aseme mapema, na anayeshinda juani awe mwangalifu kwa kuwa mwili wake hautapoa vizuri.

Ipo pia sindano ya botoksi, dawa inayozuia mishipa ya fahamu isimwage asetilikolini. Daktari huweza kulipaka paji ayodini, akasubiri ikauke, akanyunyizia unga wa wanga. Kila panapotoka jasho hugeuka buluu iliyokoza, naye anajua pa kuchoma. Nafuu hudumu miezi kadhaa. Ikichomwa karibu mno na nyusi, nyusi zinaweza kulegea kwa wiki chache, kwa hiyo mtafute aliyezoea kazi hiyo.

"Upasuaji ndio unamaliza kabisa." Kukata au kubana mshipa wa fahamu kifuani, unaopeleka amri ya jasho usoni, kunaweza kweli kuukausha uso. Lakini wengi waliofanyiwa hutokwa na jasho jipya mgongoni, tumboni au mapajani, wengine kwa wingi kuliko lile la kwanza, na mshipa uliokatwa haurudi. Huo uwe mlango wa mwisho kabisa.

Kuna dhana moja ya upande wa pili: "Jasho ni jasho, halina madhara." Lile lisilotokana na ugonjwa mwingine kwa kawaida hutulia mtu akilala. Linalolowesha shuka usiku, hasa likiambatana na homa au kupungua uzito, linahitaji vipimo, kwani kifua kikuu na baadhi ya saratani za damu huanza hivyo. Lililozuka ghafla ukubwani, au la upande mmoja tu wa uso, nalo lichunguzwe. Tezi ya shingoni iitwayo thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, sukari kushuka, kukoma hedhi na dawa za sonona ni miongoni mwa visababishi. Nenda na orodha ya dawa zote unazotumia, na umweleze daktari lilianza lini na iwapo hutoka usingizini. Jasho likija pamoja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, nenda hospitali wakati huo huo.