Kiwambo cha sikio hakisikii
Mzamiaji anapotoka majini huko Mikindani akilalamika kuwa sikio limepasuka, wenzake huenda wakamhesabu kuwa kiziwi wa maisha, kwa imani kwamba kiwambo ndicho kinachosikia. Sivyo. Kiwambo ni utando mwembamba unaotikiswa na mawimbi ya sauti na kuupitisha mtikisiko huo kwa vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, ambacho kwa urefu wa takriban milimita 3 ndicho kifupa kidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Kikuku husukuma kidirisha cha koklea, mrija uliojiviringa kama kombe la konokono na kujaa majimaji. Humo ndani, seli zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme ambazo neva huzipeleka kwenye ubongo.

Kiwambo kilichotoboka hupunguza usikivu, lakini tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe ndani ya wiki kadhaa, mradi maji yasiingie sikioni (wala mafuta ya nazi, ambayo baadhi yetu huyaamini mno). Hasara isiyorekebishika ni ya zile seli: zikifa kwa kishindo cha baruti ya kuvulia samaki au kwa spika za usiku kucha, hazioti tena, hata kiwambo kikiwa kizima kabisa.